Baridi au Masika? Kitenzi Kimoja cha Kilatini na Wafasiri wa Kiswahili

Katika sura ya 27 ya Matendo ya Mitume imo habari ya merikebu iliyomchukua Paulo, naye mfungwa, kwenda Rumi. Merikebu hiyo ilifika bandari moja ya kisiwa cha Krete wakati siku ya Mfungo wa Wayahudi ilipokuwa imekwisha pita. Mabaharia wakaiona bandari ile haifai, wakashauriana watweke tena, waende mpaka bandari nyingine ya kisiwa kile kile, wapate kukaa huko hata majira mabaya yaishe. Shauri hili lote la kukaa mpaka majira yapite, Kiyunani chalisema kwa kitenzi kimoja. Biblia ya Kilatini iitwayo Vulgata nayo yalisema kwa kitenzi kimoja, hiemare. Mataifa yaliyorithi Kilatini yaliliacha neno hilo, lakini yakawa na jingine lililo ndugu yake, hibernare: Mreno na Mhispania husema invernar, Mwitalia svernare, Mfaransa hiverner, Mromania a ierna. Fasiri ya Kiswahili ya Union, iliyotolewa mwaka 1952 ili ishike mahali pa fasiri za Unguja na Mombasa zilizotangulia, haikuwa na kitenzi cha namna hiyo. Ikatumia neno la kukaa, kisha ikaliongezea jina la baridi.

Kutumia maneno mawili au matatu mahali pa moja si aibu kwa lugha yo yote, na hapana mfasiri awezaye kulaumiwa kwa hilo. Jambo la kuulizwa ni hilo jina la baridi. Wepesi wake umewafanya wasomaji wengi walipite bila ya kulitazama, na watungaji wa kamusi na wa vitabu vya shule walipokee kana kwamba ndilo jawabu la pekee. Hata hivyo, katika habari ya Krete hapana mtu aliyeiogopa baridi. Baridi yaja kutajwa katika sura ya 28 tu, merikebu ikiisha vunjika, wenyeji wa Malta walipowawashia moto wale waliookoka. Na hapo nayo imetajwa pamoja na mvua. Waliyoyaogopa mabaharia ni upepo na bahari. Vegetius, mwandishi wa Kirumi wa mambo ya vita, aeleza kwamba bahari ilihesabiwa kuwa imefungwa tangu tarehe 11 Novemba mpaka tarehe 10 Machi. Nahodha aliyekuwa njiani siku hizo alikuwa na mambo mawili tu ya kuchagua: kuihatirisha merikebu, au kutafuta bandari njema akae humo miezi minne. Kiyunani chalidhihirisha jambo hili kwa namna ambayo fasiri zimeipoteza, maana jina lile lile la Kiyunani ambalo kitenzi hicho kimetoka kwake lina maana mbili, majira ya baridi na tufani. Katika aya ya 12 mabaharia wataka kukaa mpaka jambo hilo lipite. Katika aya ya 20 jambo lenyewe limewakuta baharini. Msomaji wa Kiswahili aona baridi katika aya ya kwanza na tufani katika aya ya pili, wala hana njia ya kujua kwamba ni neno moja.

Yafaa hapa kutazama asili ya kitenzi cha Kilatini, kwa sababu historia yake yaonyesha ni sehemu gani ya maana iliyo nguzo na ni ipi iliyo pambo. Hibernus ni neno la sifa, nalo ni la ukoo mmoja na hiems la Kilatini, na kheima la Kiyunani, na zima la lugha za Waslavi, na hima la Kisanskriti, yaani theluji, ambalo ndilo lililo katika jina la milima ya Himalaya. Basi haikataliki kwamba mwanzo kabisa palikuwa na baridi. Lakini Kilatini kilipolifanya neno hilo kuwa kitenzi, kilikuwa kikisema habari za watu wenye kazi. Hiberna yalikuwa makambi ambamo majeshi yalikaa vita vikiisha kusimama. Jemadari hakuyaingiza majeshi makambini kwa sababu askari walitetemeka. Aliyaingiza kwa sababu njia zilikuwa matope, malisho ya farasi hayakuwako, na nafaka haikuweza kuchukuliwa. Katika nchi zilizoizunguka Bahari ya Kati, majira hayo yalileta baridi, mvua, tufani na kufungwa kwa njia, yote kwa pamoja, kama kuni zilizofungwa mzigo mmoja. Mtu aliyekaa huko hakuwa na haja ya kuuliza ni ukuni upi hasa uliobeba jina.

Haja hiyo ilikuja baadaye, wenye lugha hizo walipokwenda kukaa katika nchi za joto. Mzigo ukafunguka. Katika Amerika ya Kati, na katika Kolombia, invierno ni majira ya mvua, hata pale ambapo mtu hajapata kuona baridi tangu azaliwe. Na mafuriko makubwa yaliyoipiga Kolombia mwaka 2010 na 2011 yaliitwa kwa jina lililotokana na neno hilo hilo. Kaskazini-mashariki ya Brazili mkulima husema inverno njema akiwa na maana ya mvua nyingi, na asipopata inverno ni njaa. Senegal, hivernage ni miezi ya mvua, tangu Juni mpaka Oktoba, nayo ni miezi ya joto zito na mbu. Wareno walioingia Bara Hindi waliita inverno ile mvua kubwa iletwayo na pepo za kusi. Mahali pote hapo baridi imeanguka njiani, wala hapana aliyerudi kuiokota. Mvua imebaki. Na pamoja na mvua limebaki lile jambo la njia kufungwa na safari kungoja. Hapana ushahidi ulio mwema kuliko huu, kwa kuwa haukutungwa na mtaalamu. Umetolewa na mabaharia na wakulima ambao hawakujua kwamba wanashuhudia lo lote. Kiarabu cha Shamu chaweza kuongezwa hapo kwa haraka: shita katika miji ya huko ni majira ya baridi, na ni mvua yenyewe pia.

Wachungaji nao walikuwa na njia yao. Katika Hispania shirika la wafugaji lililoitwa Mesta, ambalo Mfalme Alfonso wa Kumi alilipa hati yake mwaka 1273, na ambalo lilidumu mpaka mwaka 1836, lilishughulika na kondoo walioteremshwa kila mwaka kutoka milima ya kaskazini kwenda malisho ya Extremadura. Kondoo wa Abruzzo waliteremshwa vivyo hivyo mpaka uwanda wa Puglia, na kondoo wa milima ya Carpati mpaka bonde la Danube. Kwa watu hawa invernar, svernare na a ierna hayakuwa maneno ya kujikunyata karibu na moto; yalikuwa maneno ya kutembea mwendo wa siku nyingi. Waliohamia Argentina na Brazili waliyachukua, na huko invernada ikawa malisho mema ya kunenepeshea ng'ombe. Kiini cha maana hapa ni malisho ya nyumbani kufungwa na mengine kufunguka kwingineko. Kihispania chenyewe kimekwenda mbele zaidi: invernadero, lililokuwa jina la malisho ya namna hiyo, siku hizi ni jina la kibanda cha kioo ambamo mimea hukuzwa kwa joto. Kiitalia nacho kina mchezo wake wa ajabu, maana svernare yaweza kuwa kukaa majira ya baridi na yaweza kuwa kuyatoka. Dante, katika wimbo wa 27 wa Paradiso, alilitumia kwa maana hiyo ya pili, akisema habari ya mwezi wa Januari.

Neno hili halikupita mbali na pwani ya Waswahili. Merikebu za Wareno zilizochelewa zikaikosa pepo ya kwendea Bara Hindi zililazimika kungoja katika kisiwa cha Msumbiji, na kwa Kireno kungoja huko kuliitwa invernar. Wenye merikebu walijifunza ulazima huo kwa gharama. Vasco da Gama alitoka Malindi mwezi wa Aprili 1498, akiwa na rubani aliyejua bahari hii, akafika Kalikut kwa siku zisizozidi 30. Aliporudi hakungoja musimu. Akaondoka Bara Hindi mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi haijasimama, na safari hiyo hiyo ikamchukua karibu miezi mitatu, watu wake wengi wakafa kwa kiseyeye. Wareno wakakaa pwani zaidi ya miaka 100 baada ya hapo, wakaachia Kiswahili meza, bendera, leso, kasha, mvinyo na gereza. Invernar hawakuiacha. Sababu yake yaonekana wazi: mambo ambayo neno hilo lilitaja yalikuwa yamekwisha kuwa na majina. Palikuwa na kaskazi na kusi, maleleji au tanga mbili, masika, vuli, kipupwe, demani, na lile neno la Kiarabu lililoyakusanya yote, musimu. Kukosa musimu na kungoja musimu yalikuwa mambo yajulikanayo na kila mwenye chombo. Mtu wa Lamu au wa Unguja aliposomewa habari ya merikebu ya Krete angeielewa pale pale, laiti asingeambiwa kwamba shida yao ilikuwa baridi.

Wafasiri wa Union hawakuwa wageni wa majina haya. Katika Mwanzo 8:22, mahali ambapo Kiebrania chataja majira ya joto na majira ya baridi, wao wameweka kaskazi na kusi. Uamuzi huo ni wa mtu aliyetazama pwani kwa macho yake: kaskazi ni majira ya joto, kusi ni majira ya ubaridi, basi kila moja limesimama mahali pa mwenzake. Lakini ukigeuza mpaka Wimbo Ulio Bora 2:11, pale mpenzi aambiwapo ainuke kwa sababu majira ya baridi yamekwisha, jambo lililopita si kusi tena. Ni kaskazi. Katika kitabu cha kwanza majira ya baridi yamekuwa kusi, na katika kitabu hiki yamekuwa kaskazi, ambalo katika kile cha kwanza lilisimama mahali pa joto. Katika Mathayo 24:20 na katika Matendo hayakuwa hili wala lile, yamekuwa baridi.

Ni rahisi kusema kwamba hayo ni matokeo ya kazi ya mikono mingi. Inaelekea lakini kwamba pana hoja mbili ambazo kila moja yafaa kwa upande wake. Aliyefasiri Mwanzo alilinganisha hali ya hewa na hali ya hewa. Aliyefasiri Wimbo alilinganisha mwezi na mwezi: mvua za Palestina hunyesha Desemba, Januari na Februari, na katika miezi hiyo pwani ya Afrika ya Mashariki huvumiwa na kaskazi; basi ikipita mvua ya kule, ni kaskazi ipitayo hapa. Wa kwanza aliuliza majira yale yanahisiwaje, wa pili akauliza ni lini. Hapana aliyeuliza majira yale huwafanyia nini watu, swali ambalo, kama lilivyoonekana, ndilo lililoamua maana ya hibernare kila lilipokwenda.

Haya yote yangekuwa mashindano madogo ya wataalamu kama Kiswahili kingalibaki pwani. Lakini Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikakipeleka kwa vitabu mpaka mahali ambapo pepo za bahari hazijapata kuwa kalenda ya mtu. Nyakahura ni mahali pa namna hiyo. Ni kata ya wilaya ya Biharamulo katika mkoa wa Kagera, katika njia itokayo Lusahunga kwenda Ngara na mpaka wa Rusumo, nchi ya vilima iliyo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na karibu nyuzi 3 kusini ya ikweta. Wapasuao lugha kwa makundi wangepata kazi huko. Malcolm Guthrie alikiandika Kisubi kuwa D64 na Kihangaza D65, pamoja na Kirundi na Kinyarwanda. Lakini Kihaya alikiandika E22 na Kizinza E23, katika eneo jingine. Wataalamu wa Tervuren waliona mpaka huo ni mwembamba mno, wakayaweka makundi yote mawili katika eneo moja la J. Wasemaji wa lugha hizi hukutana sokoni, na Kiswahili ndicho kiwapatanishacho.

Mtu wa Nyakahura aliyesoma shule ayajua maneno kaskazi na kusi, lakini ayajua kama pande za dunia. Asomapo katika Wimbo kwamba kaskazi imepita, hana budi kujiuliza upande wa dunia wapitaje. Hapa fasiri imemwacha kabisa. Neno baridi ni baya zaidi, kwa sababu lenyewe halimwachi, lampoteza. Miezi ya baridi katika nchi yake ni Juni, Julai na Agosti, usiku ukiwa mkavu na wa ubaridi, asubuhi ikiwa na ukungu mabondeni. Miezi hiyo ndiyo ya njia kavu, ya kuanika mavuno, ya kujenga, ya kuoza na ya kuwatembelea jamaa walio mbali. Aambiwapo katika Mathayo aombe kukimbia kwake kusiwe wakati wa baridi, aweza kustaajabu kwa haki, maana kama ni lazima kukimbia, hapana wakati ulio mwema kuliko huo. Mabonde ya Palestina hujaa maji wakati wa mvua, na mwenye mtoto mgongoni hawezi kuvuka; hilo angelielewa bila ya mfasiri, kama angeambiwa masika. Aambiwapo kwamba merikebu yasimama miezi mitatu kwa sababu ya baridi, adhani ya kuwa Wayunani walikuwa watu wororo.

Neno masika lenyewe lastahili maneno machache, kwa sababu limesafiri mbali katika lugha za Kibantu kama hibernus lilivyosafiri katika zile za Kirumi. Wazulu husema ubusika, Watsonga vuxika, Wavenda vhuriha, Wasotho mariha, Watswana mariga; na kwa wote hao ni majira ya Juni mpaka Agosti, ambayo kusini ya Limpopo ni ya baridi kali, na katika nchi zao nyingi ni makavu. Kwa Waswahili ni mvua kubwa ya Machi mpaka Mei. Neno moja basi limekuwa mvua upande huu na baridi kavu upande ule. Sikio la pwani lashawishika kuliunganisha pia na usiku, na Kizulu chaelekea kukubali kwa ubusuku wake. Lakini Kitswana chakataa, maana chasema bosigo kwa s na mariga kwa r, na ushahidi wa konsonanti hauhongeki. Kiungo hicho kiachwe. Kilichobaki baada ya kukiacha chatosha: Kiswahili kina jina ambalo jamaa zake wa kusini wamelitumia kwa majira ya baridi tangu zamani, nao wafasiri wa Kizulu hawakuwa na shaka ya kulitumia. Mfasiri wa Kiswahili alikuwa na neno la ukoo nyumbani, akaenda kuazima baridi, ambalo hata si la Kibantu.

Kuhusu kitenzi, mara nyingi husemwa kwamba lugha hizi hazina namna ya kutia muda ndani ya tendo. Usemi huo hauwezi kusimama mbele ya salamu za kila siku. Mswahili hushinda na hulala, na akikaa macho hukesha. Mrundi na Mnyarwanda wana kwirirwa kwa mchana na kurara kwa usiku. Mganda na Mnyankore wana okusiiba kwa mchana. Mtu aulizapo mwenzake ameshindaje, mchana wote umo ndani ya kitenzi wala hautajwi. Kilatini kilikuwa na pernoctare kwa usiku, hibernare kwa majira ya baridi na aestivare kwa majira ya joto, lakini kwa kushinda mchana kilihitaji maneno mawili. Kila jamii ya lugha imetia katika vitenzi vyake zile nyakati ambazo watu wake walipeana habari zake.

Hata hivyo majira hayakusahauliwa kabisa katika nchi zinazoizunguka Nyakahura. Kinyarwanda, kilicho ng'ambo ya mto Kagera, kina kitenzi kugishisha, yaani kuwapeleka ng'ombe malisho ya mbali wakati malisho ya nyumbani yamekauka, na wawarudishe mvua inyeshapo. Ni kazi ile ile ya mchungaji wa Extremadura, isipokuwa jua limeshika mahali pa theluji. Mfaransa anayefasiri neno hilo hawezi kutumia hiverner. Mhispania wa Argentina angethubutu kutumia invernar, na angekuwa na haki. Kiswahili cha wafugaji wa Kagera hupata maneno ya namna hii kutoka lugha za nyumbani bila ya ruhusa ya kamati yo yote, na kamusi zingefanya vyema kuyasikiliza.

Kamusi zina deni jingine, nalo ni la viumbe walalao. Mwalimu wa elimu ya viumbe hufundisha kwamba dubu wa Ulaya hulala miezi ya baridi, na maneno ya kulala wakati wa baridi yatosha kwa dubu. Lakini mwanafunzi wa Kagera amjua kamongo, samaki mwenye mapafu aliye katika ziwa Viktoria na vinamasi vyake. Kinamasi kikikauka samaki huyu aweza kujichimbia matopeni, akatulia humo mpaka maji yarudi. Lugha za Kirumi hutenganisha mambo hayo mawili kwa vitenzi viwili, kimoja cha baridi na kimoja cha joto. Kiswahili kikifunga istilahi yake kwa neno baridi, kitakuwa na jina la mnyama ambaye mwanafunzi hatamwona kamwe, na hakitakuwa na jina la yule aliye katika kikapu cha mvuvi. Kupisha musimu lingewafaa wote wawili, dubu na kamongo.

Maneno hayo hayo, kupisha musimu, au kupisha masika pale ambapo mvua yatajwa, yangefaa pia katika Matendo na katika Tito 3:12, ambapo Paulo achagua mji wa kukaa mpaka njia zifunguke. Waweza kutokea wa kupinga kwamba kupisha ni neno la njiani, la mtu asogeaye kando ili mwenzake apite. Pingamizi hilo ndilo hasa linalolipa neno nguvu: merikebu imesogea kando, yangoja majira yapite. Pingamizi la pili ni zito zaidi. Husemwa kwamba mfasiri hana haki ya kuibadili hali ya hewa ya nchi ya watu, akawanyeshea masika ya Afrika katika visiwa vya Wayunani. Lakini aliyeandika kaskazi na kusi katika Mwanzo alikwisha ibadili, wala hapana aliyelalamika; na aliyeandika baridi hakuihifadhi hali ya hewa ya Krete. Alichukua ukuni mmoja wa mzigo, tena ule ambao mabaharia wenyewe hawakuutaja.

Pabaki Wimbo Ulio Bora, na hapo hata masika hayamalizi kazi. Nusu ya kwanza ya aya ya 11 ingetengenea kabisa, kwa sababu nusu ya pili yasema mvua imekwisha, na ushairi wa Kiebrania hupenda kulisema jambo moja mara mbili. Masika yaliyopita na mvua iliyokoma ni wenzi wema. Lakini aya ya 12 yafuata, na ndani yake maua yatokea katika nchi. Huko Nyakahura masika yakipita hufuata nyasi za manjano na moto wa vichakani, na maua hungoja mvua za kwanza za Septemba. Mfasiri atakayeishika aya hiyo baada ya Union itambidi aseme mapema ni kipi akubalicho kupoteza, majira au maua, wala asikimbilie kwa kaskazi.